Dakika Tatu za Salamu

Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, jua likishapanda juu ya migomba, Mukashema alimfunga mtoto mgongoni, akafunga mlango kwa kamba ya katani, akashika njia ya Rubwera kwenda kumpigia simu mumewe gerezani. Alikuwa na gauni moja la kutokea, la bluu, na ndilo alilovaa, japokuwa simu haina macho. Njiani alisalimia kila aliyekutana naye, maana ndivyo alivyolelewa. Dukani kwa Byarugaba alikuta benchi limekwisha kujaa wanawake wa vilima vingine, nao wana watu wao ndani. Alikaa mwisho wa benchi, akamnyonyesha mtoto, akangoja zamu yake.

Duka lile liliuza vitu vya kawaida: chumvi, sabuni ya kukatwa vipande, mafuta ya taa, na viberiti vilivyolowa. Nyuma ya kaunta, juu ya kreti la soda, ilikaa simu nyeusi ya kuzungusha kwa mkono. Ilifungwa kabla ya vita, waya wake ukipita juu ya nguzo kutoka Bukoba. Vita vya Amini vilipokuja, nguzo ziligeuka kuni za askari, zilizosalia zikawa miimo ya milango ya watu, na waya ukaenda kwa mafundi wa bangili. Kilichobaki ni kipande kilichotoka ukutani kikafika kwenye mgomba wa kwanza nyuma ya duka, kikaishia hapo, na mke wa Byarugaba alikianikia nguo. Simu haikuacha kufanya kazi. Ila haikupata tena Bukoba, wala hospitali, wala ofisi yoyote; ilipata gereza tu. Fundi alikuja siku moja kuichunguza, akazungusha mkono, akaongea na mpwa wake aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe, akalipa, akaenda zake.

Malipo yalikuwa butura. Mtu wa Karagwe haelezwi butura, lakini kama wewe ni mgeni, basi sikiliza: ni kuuza kahawa ingali ua mtini. Mbuni ukichanua, mwenye shida humwita mwenye pesa, wakasimama wawili chini ya mti, mwenye pesa akashika tawi, na tangu hapo matunda ya mti ule, ya msimu huo, ni yake, yakija mengi au machache. Serikali ilikataza butura kila mwaka, na kila mwaka mibuni ilichanua. Byarugaba alitoza mbuni mmoja kwa dakika tatu. Ambaye mibuni yake haijachanua alitoa neno tu, na ua lilipokuja lilikuta limekwisha uzwa.

Jambo moja watu walilizoea upesi. Ua la mbuni uliouzwa halikunukia tena kwa mwenyewe. Lilichanua jeupe vilevile, nyuki wakaja, lakini harufu yake ilihamia dukani, ikakaa kati ya sabuni na mafuta ya taa mwaka mzima. Mke wa Byarugaba alilalamika kwamba inamuumiza kichwa.

Sasa, huyo mume. Aliitwa Celestin Sebahire. Babu yake alivuka kutoka Rwanda na ng'ombe, ng'ombe wakafa, akabaki na migomba. Celestin mwenyewe alikuwa mtu wa shingo ngumu, na simaanishi ukaidi. Namaanisha shingo: aliweza kubeba gunia la kahawa kichwani kutoka Rubwera mpaka mtoni bila kulitua. Mwaka wa kabla ya vita, kahawa ng'ambo ya mto, nchi ya pili, ililipa kuliko hapa, na wengi walivuka usiku. Wenye kahawa hawakuvuka. Walivuka wenye shingo.

Alishikwa kwenye matete, ngata ingali kichwani. Wenzake walitupa gunia zao wakakimbia, na askari wakamuuliza mzigo wote ni wa nani. Akasema wangu. Kilima kizima kilijua kwamba Celestin hajawahi kuwa na gunia sita za kitu chochote tangu azaliwe, na kilima kizima kilijua gunia zile zilitoka stoo ya nani. Byarugaba alikuwa amemwambia mapema: ukishikwa, sema ni zako, kwa sababu nikibaki nje nitakutoa, lakini tukiingia wote wawili, atatutoa nani? Maneno yale yalikuwa na akili sana, na ndiyo yaliyomfunga. Ngata yake, ya majani makavu ya mgomba, ilidondoka akikokotwa, na ililetwa nyumbani na mwenzake aliyeponyoka. Mukashema akaitundika kwenye kigingi karibu na mlango.

Alikuwa na mimba. Mtoto akazaliwa vita vikianza, wa kiume, mzima, akilia kwa sauti nzuri, na mkunga wake akawa Placidia, jirani, Mnyambo wa umri wa kuheshimiwa. Kwa watu wa asili ya akina Celestin, siku ya nane baba humpokea mtoto mikononi na kumtaja jina mbele ya watu. Asipokuwepo baba, yupo babu. Asipokuwepo babu, yupo kaka wa baba. Celestin alikuwa mwana wa pekee, na baba yake alikuwa amelala chini ya migomba miaka mingi. Siku ya nane ikafika, watoto wa jirani wakalishwa maharage, watu wakakaa, hakuna aliyesimama kutaja jina. Watu wakaaga, wakaenda.

Mtoto akabaki pale pale, kwenye siku ya nane. Haikuwa ugonjwa. Alinyonya, alilala, alicheua, na kitovu chake hakikudondoka. Mwaka ukaisha, na mwingine, yeye bado anatosha kwenye kanga ileile. Zahanati walimpima kila walipokumbuka, na muuguzi akasema ni mtoto mwenye afya njema sana kwa umri wake. Padri alimbatiza mara mbili. Jina alilompa halikushika, kesho yake hakuna aliyelikumbuka, padri mwenyewe akiwemo. Maharusi wa vilima vya jirani walikuja kumbeba siku moja moja, kuzoeza mikono, kisha wakamrudisha na ndizi. Maziwa ya Mukashema hayakukauka. Watoto waliozaliwa mwezi uleule na mwanawe walianza shule, wakafika darasa la tano, mmoja wao akaanza kubadilika sauti.

Lakini wewe fikiria uchungu wa mama. Hakuitwa Mama Fulani. Wenziwe wote walishakuwa mama nani na mama nani, yeye akaitwa Mukashema vilevile, kama msichana aliyetumwa kisimani akachelewa kurudi. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho kilikuwa neno moja kutoka kinywani mwa mtu mmoja. Kwa hiyo akauza mibuni.

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Simu hawakuisema, na huenda walikuwa na sababu. Mukashema alishika mkonga wa simu, Byarugaba akazungusha mkono, kukawa na mvumo wa nyuki, halafu sauti ya Celestin ikatokea karibu, kama yuko nyuma ya pazia. Naye Celestin, mtoto wa watu aliyefunzwa adabu, akaanza na salamu. Umeamkaje. Na hapo nyumbani wameamkaje. Na mtoto. Na migomba, haijaanguka na upepo? Na mbuzi yule mwenye pembe moja? Mguu wa Placidia je? Mvua imenyesha? Kila swali lina jibu lake, na kila jibu lina shukrani yake, na baada ya hapo Mukashema naye lazima aulize za huko, maana si haki mtu mmoja kuulizwa peke yake. Umeamkaje. Kifua je. Chakula je. Wenzako wameamkaje. Kisha Byarugaba, akiwa anapima chumvi, husema kwa upole, "Mwambie namsalimu sana," na salamu ile nayo ikapokelewa na kurudishwa, kwa sababu salamu hainyimwi hata adui. Ndipo Celestin alipokohoa, akavuta pumzi, akasema, "Haya. Sasa kuhusu mtoto." Hapo sauti ya kike isiyo na haraka ikasema dakika tatu zimekwisha, na nyuki wakanyamaza.

Hivyo mwezi kwa mwezi. Wanawake wa kwenye benchi walimwonea huruma lakini hawakumshangaa, maana na wao yaliwapata hayohayo. Mmoja wao, Nyirabageni wa Nkwenda, alikuwa ameuza nusu ya kibanja, shamba lake la nyumbani, ili amuulize mwanawe alipoficha shoka, na mpaka anakufa hakulipata.

Kesi ya Celestin iliahirishwa, ikaahirishwa tena, halafu ikasemwa jalada limehamia mji mwingine, na yeye hakuhama nalo. Byarugaba aliulizwa kuhusu ile ahadi. Akajibu kwamba anaishughulikia, na kwamba mambo ya serikali hayataki papara. Wakati huo alikuwa ameshaezeka nyumba ya pili kwa mabati.

Mwaka mmoja, mwezi wa njaa, Mukashema alijikaza. Usiku kucha alijizoeza, na simu ilipoitika tu akasema, "Baba, leo tusisalimiane. Taja jina la mtoto."

Upande wa pili pakawa kimya. Kimya kile kililiwa na dakika, na Mukashema alikisikia kinavyoliwa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwisho Celestin akasema taratibu, bila hasira, "Huku hatusalimiani, Mukashema. Tunaitwa kwa namba. Mwezi mzima nangoja mtu aniulize nimeamkaje." Akakohoa. "Jina ninalo. Nalitunza. Ila kwanza nijue mmeamkaje."

Akamwambia wameamkaje. Alimwambia mbuzi mwenye pembe moja amezaa, akamwambia mguu wa Placidia, na mvua, na migomba, mpaka sauti ya kike ikakata. Hakumwomba tena aache salamu. Alitembea kurudi nyumbani analia waziwazi, mtoto wa siku nane mgongoni, na waliokutana naye walimsalimu kwa sauti ya chini, naye akawaitikia wote.

Miaka ikaenda. Mibuni ya Mukashema ilichanua na haikunukia, mmoja baada ya mwingine, kutoka bondeni kupanda juu, mpaka ukabaki mmoja wenye harufu, ule wa mlangoni. Celestin aliupanda wiki waliyooana. Mukashema alikuwa ameapa kwamba huo hauguswi, na usiku wa maua yake alilala mlango wazi.

Ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, mwaka wa kumi na mbili wa kifungo, nje kuna manyunyu. Zamu yake ilifika. Byarugaba akazungusha mkono wa simu. Mvumo wa nyuki haukuwepo. Palikuwa na ukimya safi, kama wa ndani ya mtungi. Kisha Celestin akasema, "Jina lake ni Sibomana."

Mukashema alingoja. Alingoja aulizwe ameamkaje. Alingoja mbuzi na migomba na mvua.

"Sibomana," Celestin akarudia. "Umesikia? Maana yake, si wao Mungu. Nilitaka kumpa hili tangu siku ya kwanza, nikaogopa, maana najua nani amesimama karibu na simu, naye aliniahidi kunitoa. Sasa siogopi. Mwambie mtoto kahawa haikuwa yangu."

Hakukohoa. Mukashema akaelewa. Katika maisha yake yote hakuwahi kumjua Celestin akaingia mahali, hata kwenye nyumba yenye mbwa mkali, bila kubisha hodi na kusalimu. Mtu mzima na mwenye akili anayenena bila salamu ni mmoja tu, na huyo hana haja tena ya kujua watu wameamkaje. Akashika kaunta. Akauliza, kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia, "Lini?"

"Jumapili," akasema Celestin. "Kifua. Walinifunika blanketi la mwenzangu."

Dakika zilikuwa zimebaki nyingi. Hawakujua la kuzifanyia. Alisikia ukimya wa mtungi, na Celestin ndani yake, mpaka sauti ya kike iliposema muda umekwisha.

Mukashema akamwambia Byarugaba kwamba mumewe amefariki. Byarugaba akavua kofia, akampa pole nzito ya kiume, akasema Mungu alitoa na Mungu ametwaa. Halafu akavaa kofia, akasema gereza halijaleta taarifa yoyote, na simu imeitika, na ikiitika bei ni ileile. Mukashema akataja mbuni wa pembeni mwa choo, ua la mwaka wa kesho kutwa.

Kuanzia njia panda ya Nkwenda mtoto alianza kuwa mzito. Mwanzoni alidhani ni huzuni, maana nayo hulemea mgongo. Kwenye daraja la magogo kanga ilikaza kifuani, na miguu ya mtoto ikawa inagonga vigimbi vya mama yake. Penye kisima fundo likafunguka lenyewe. Mtoto akashuka chini, akasimama, akatembea nyuma yake akiwa amevaa kanga, kila hatua akirefuka kidogo, na kitovu chake kikadondoka mahali fulani kwenye majani, hawakukiona. Walipofika mlangoni alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili, mabega mapana, uso wa Celestin. Mukashema akamtafutia suruali ya baba yake, akaikunja miguu.

Placidia alikuja kuomba moto, akamkuta amekaa kwenye kigoda anakula ndizi. Akamtazama kwa muda. "Mama Sibomana," akasema, kwa mara ya kwanza, "mwanao anafanana na baba yake." Mukashema alipoitwa hivyo alikaa chini palepale mlangoni, akafunika uso na mikono, akalia kwa vitu viwili kwa pamoja na hakuweza kuvitenganisha.

Sibomana alijua kuongea tangu jioni ile, kwa kuwa alikuwa amesikiliza miaka kumi na miwili kutoka mgongoni. Alizijua salamu zote kwa mpangilio wake. Alijua pia bei, na benchi, na jinsi mama yake anavyopumua akirudi. Alikuwa mtoto wa maneno machache, mwenye kutazama mikono ya watu.

Msiba haukukalika. Watu walitaka kuja, lakini hawakuwa na hakika kama ni halali kumlilia mtu aliyeongea kwenye simu Alhamisi. Padri naye, alipoombwa misa, alisema bila barua ya gereza hawezi, na barua haikuja. Mukashema hakujua amezikwa wapi. Kwa hiyo mwezi uliofuata, siku ya simu, akavaa gauni la bluu, akaenda kumuuliza mwenyewe.

Celestin hakujua pia. Alisema mahali pale hapana migomba, hivyo aliondoka kurudi nyumbani kwa miguu, lakini miguu ilishika njia ambayo ilikuwa haijaimaliza, ikamleta mtoni, na hapo ndipo alipo, kwenye matete. Anaona moto wa askari upande wa juu. Anasikia wanaovuka na mizigo. Baada ya hapo hakuwa na la kusema, na dakika tatu ambazo zilikuwa fupi miaka yote zikawa ndefu kuliko mahindi ya kupalilia peke yako. Mukashema akazijaza mwenyewe. Alimuuliza ameamkaje, akamjibia, akauliza mbuzi, akajijibu, akamshukuru. Celestin alisikiliza. Byarugaba akasema amsalimie sana.

Katikati ya Novemba Byarugaba alipanda kilima mwenyewe, na mwavuli, kuja kumwona mtoto. Alikaa kwenye kigoda, akapewa kahawa ya kutafuna kama inavyompasa mgeni. Akamwita Sibomana, akamtazama kwa makini, shingo kwanza.

"Jina zuri," akasema. "Lina Mungu ndani yake." Halafu, akimgeukia mama, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada, "Mama Sibomana, maua yako ya miaka miwili yako kwangu. Mtoto huyu angeweza kuyarudisha kwa safari moja. Mto safari hii haujajaa."

Mukashema alisimama. Alikuwa mwanamke wa kuinamisha macho, lakini siku ile hakuinamisha. Akasema, "Mzee Byarugaba, nilikupa mume, nikakupa mibuni. Huyu nimembeba miaka kumi na miwili. Hukanyagi tena hapa kwa ajili yake."  Byarugaba hakukasirika. Alimaliza kutafuna kahawa yake, akashukuru, akawaaga wote wawili kwa heshima kamili, akafungua mwavuli. Sibomana alikuwa amekaa karibu na kigingi, anatazama juu.

Siku ya Jumatano, kabla ya Alhamisi ya mwisho ya mwezi, Sibomana aliaga kwamba anakwenda kumsaidia Placidia kuvuna maharage kwenye shamba lake la bondeni, na kwamba atalala huko. Alimsalimu mama yake salamu za jioni zote, na kwa kuwa alikuwa anaondoka, akamsalimu na za asubuhi. Mukashema alicheka, akamwambia salamu hazilipwi mapema. Akampa ndizi mbili za kuchoma.

Alhamisi aliamka, akavaa gauni la bluu. Mgongo ulikuwa mwepesi mpaka ukamsumbua. Alipofunga mlango alihisi kuna kitu kimepungua, akadhani ni huo wepesi, akaenda.

Siku ile benchi lilikuwa refu, na zamu yake ilifika jua likielekea machweo. Byarugaba akazungusha mkono wa simu. Ukimya wa mtungi ukaja. Mukashema alikuwa ameanza kuuliza ameamkaje, Celestin akamkatiza.

"Kuna mtu kwenye matete," akasema. "Amefika sasa hivi. Anakanyaga kama mimi."

"Mtu gani?"

"Mdogo. Peke yake. Ametua gunia, amelala kifudifudi, anangoja giza." Kisha akasema, "Amevaa ngata yangu."

Mukashema akaona mlango wa nyumba yake, na kigingi, na kigingi hakina kitu. Placidia, alikumbuka, alivuna maharage yake mwezi uliopita. Akauliza kwa haraka askari wako wapi, na Celestin akasema upande wa juu, wamewasha moto, wawili wamesimama, mmoja ameshika tochi. Mukashema akamwambia amwambie mtoto arudi. Celestin akasema anamwambia tangu alipofika, lakini mtoto hasikii, ila amegeuza kichwa upande wake na kumwamkia, shikamoo, kama anavyoamkia watu wote. Mukashema akasema mwitikie, Celestin, mwitikie mtoto. Sauti ya kike ikasema dakika tatu zimekwisha.

Byarugaba alikuwa anapima chumvi. Hakuinua macho. Mukashema akamtazama, na benchi lote likamtazama Byarugaba, na kila mmoja alijua gunia lile limetoka stoo ya nani, kama kilima kizima kilivyojua mara ya kwanza.  Byarugaba akafunga chumvi kwenye karatasi, akamkabidhi mteja.

"Nipigie tena," akasema Mukashema.

"Mbuni upi, Mama Sibomana? Yako yote ninayo."

"Wa mlangoni."

Byarugaba akafikiri, akakubali kwa kichwa. Hata hakuhitaji kupanda kilima kushika tawi. Harufu iliingia dukani palepale, ya maua mabichi, yaliyochanua asubuhi ile, na wanawake wa kwenye benchi wakaivuta puani. Alinyoosha mkono kuizungusha simu. Mukashema akamzuia. Akamwomba asizungushe kwanza, jua lilikuwa halijazama, na dakika ni tatu tu. Kisha akaenda kukaa mwisho wa benchi kungoja giza, ili Celestin amwambie kama mtoto amevuka.